Volti 12 Hazina Huruma

Watu wengi humpima fundi wa stima kwa ujasiri wake mbele ya volti 240. Mimi naona ustadi wake hujulikana zaidi kwenye volti 12 za betri na sola, ambazo hata mtoto huzigusa asirushwe. Kwa kuwa haziumi, hudharauliwa: waya wowote utafaa, kiungo chochote kifungwe na karatasi ya nailoni, mradi balbu iwake.

Mji wa Silibwet, nchini Kenya, una nguzo za Kenya Power, na hapo jirani hospitali ya Tenwek huzalisha umeme wake kwenye maporomoko ya mto Nyangores. Hata hivyo, ukiacha lami ukashuka kati ya mashamba ya majani chai, bado utakuta nyumba inayotegemea paneli juu ya mabati na betri moja ndani. Kazi ninayoisifu hufanyika humo.

Tazama hesabu yake. Televisheni ya wati 60 kwenye volti 240 huvuta robo ya ampea. Kwenye volti 12 huvuta ampea 5, mara 20 zaidi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 10 na kurudi mita 10, una ukinzani wa karibu robo ya omu. Ampea 5 zikipita humo, volti 1.2 hupotelea njiani, yaani sehemu ya kumi ya umeme wote. Tumia waya wa milimita mraba 4, hasara inashuka chini ya nusu volti. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla hajashika bisibisi, hubishana kwanza na mwenye nyumba kwa adabu: “Mama, betri ikikaa kule stoo, jioni televisheni itakuwa ikizimika. Tuisogeze huku.”

Wanaounda reli za mfano, zile treni ndogo zinazozunguka juu ya meza, wanaujua ugumu huu, kwa maana nyingi ya treni hizo zimeendeshwa kwa volti 12 tangu zamani. Reli yenyewe hupitisha umeme vibaya, hasa pale vipande vinapokutana. Basi chini ya meza hulazwa nyaya nene, na kutoka hapo nyaya fupi hupanda na kulehemiwa kwenye reli kila baada ya umbali mdogo. Klabu ya chuo cha MIT, Tech Model Railroad Club, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilipata sifa kwa kazi yake ya uvunguni mwa meza, iliyojaa relei za simu, na vijana wake wakawa miongoni mwa wa kwanza kuzama katika kompyuta chuoni hapo. Fundi wa Silibwet hufuata mpango huohuo darini: waya mnene kutoka kwenye betri, halafu nyaya fupi nyembamba zikishuka kwa kila balbu.

Ila kinachonishikilia zaidi ni mikono yake anapounga. Huchuna gamba la waya bila kuikwaruza shaba, kwa sababu shaba yenye mkwaruzo hukatika papo hapo siku ikikunjwa, na waya wa nyuzinyuzi uliopoteza nyuzi tatu nne hupata moto pale ulipokonda. Husokota kwanza, kwa koleo, mpaka kiungo kishike chenyewe. Ndipo huja lehemu. Pasipo na stima, chuma chake hupashwa kwenye makaa ya jiko. Asiyejua huyeyushia lehemu kwenye chuma kisha akaidondosha juu ya waya. Anayejua huipasha shaba yenyewe, akaigusisha lehemu, ikanywewa katikati ya nyuzi na kupoa iking'aa. Kiungo chenye rangi ya majivu na umbo la kidonge hukikataa palepale.

Fyuzi huiweka shubiri moja tu kutoka kichwa chanya cha betri. Volti 12 hazirushi mtu, lakini spana ikiangukia vichwa vyote viwili, betri ya gari humwaga mamia ya ampea, na waya usio na fyuzi unaweza kuwasha dari.

Malipo huhesabiwa kwa pointi, balbu na soketi. Viungo vya darini havimo, na naona hiyo si haki.

Mwisho huchukua mita. Vitu vyote vikiwa vimezimwa, betri iliyojaa husoma kama 12.6 kila mahali, hata baada ya kiungo kibovu, maana hakuna mkondo unaopita. Kwa hiyo yeye huwasha kila kitu, kisha huweka ncha moja ya mita upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili. Kiungo kizuri husoma milivolti chache. Kikisoma nusu volti, hukata tepu na kuanza upya, ingawa balbu zinawaka na mwenye nyumba ameshamimina chai.