Paa Lisilobeba Gunia

Kwenye fuo za Mbita na Sori, Ziwa Victoria, mashua mpya inapoundwa watu hukusanyika. Watoto huokota vipande vya mbao, wazee hutoa ushauri ambao hawakuombwa. Kazi ninayoipenda zaidi mimi haina watazamaji: kuvua turubai kuukuu la mashua ya abiria na kuweka paa la mbao mahali pake.

Turubai silidharau. Hutandazwa juu ya mabomba yaliyopindwa, likakazwa kwa kamba, na kwa muda huzuia jua la ziwani ambalo halina huruma. Kisha jua lenyewe hulila. Mvua ikinyesha maji hutuama katikati, turubai likavimba tumbo, na wimbi la kwanza humwaga yote mapajani mwa aliyelipa nauli. Lakini lina fadhila moja kubwa: ni jepesi, na upepo ukichachamaa hukunjwa. Paa halikunjwi, na ugumu wote wa kazi unatokana na hapo.

Kuvuka kutoka Mbita hadi Luanda K'Otieno ni kwenda kaskazini, na upepo wa mchana hutoka ziwani, upande wa magharibi. Mashua hupigwa ubavuni. Kila ubao uliopandishwa juu ya vichwa vya abiria huwa silaha ya upepo huo, na kila kilo iliyo juu huchelewesha mashua kurudi wima. Ziwa hili lina kumbukumbu chungu za vyombo visivyotulia: MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaua mamia ya watu.

Ndiyo maana fundi mmoja niliyemtazama Mbita hakuanza na msumeno. Turubai likiwa bado juu, aliwapanga vijana wake ukingoni mwa mashua, akawaamuru waruke majini kwa pamoja, kisha akahesabu kwa sauti ya chini jinsi mashua inavyoyumba kwenda na kurudi. Hesabu ile aliiandika kwa penseli kwenye ubao. Paa likishakaa angeirudia. Mashua inayorudi haraka humtikisa abiria, lakini imetulia. Inayolala upande na kukawia, kana kwamba inawaza, ndiyo ya kuogopwa. Huko Stockholm mwaka 1628 mabaharia 30 walikimbizwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine wa meli ya kivita Vasa ili ipimwe vivyo hivyo. Meli ikayumba vibaya, jaribio likasimamishwa, na bado ikaruhusiwa kuondoka. Ilizama katika safari yake ya kwanza, kabla haijatoka bandarini. Kupima si kazi ngumu. Ngumu ni kuyakubali majibu.

Boriti za paa huchongwa zikiwa na upinde. Fundi hupigilia misumari miwili kwenye ncha na wa tatu katikati, juu kidogo, akapitisha ufito mwembamba ukajipinda wenyewe, kisha akaufuata kwa penseli. Upinde huo humwaga mvua, na pia huupa ubao mwembamba nguvu ambayo ungeikosa ukiwa bapa. Kwa hiyo plaiwudi nyepesi inatosha. Kingo zake hunyweshwa rangi ya mafuta tena na tena, kwa kuwa maji huingilia ukingoni, na plaiwudi iliyokunywa maji huachana tabaka kwa tabaka. Mabati yangekuwa rahisi zaidi. Ila mvua ikipiga bati, nahodha hasikii injini wala mtu anayepiga kelele.

Nguzo ndizo zilizonifanya nikae chini nitazame. Mashua za ziwa hili zina ukoo na zile za Visiwa vya Ssese, Uganda, ambazo mbao zake zilikuwa zikishonwa kwa nyuzi za mimea. Siku hizi ni misumari, na pamba hushindiliwa kwenye maungio, lakini mwili wa mashua bado hujinyonga wimbi linapokuja mshazari. Nguzo ingekazwa ukingoni ingeuvuta ubao wa juu hadi maungio yaachame. Fundi alizishusha nguzo hadi kwenye mataruma, akazifunga kwa bolti, na kati ya kila nguzo na boriti yake akaweka kipande cha raba ya tairi. Paa linakaa imara, na mashua ina nafasi ya kujinyoosha. Pembeni hakuziba chochote: upepo upite, na chombo kikipinduka, mtu apate pa kutokea. Chini ya boriti alifunga nyavu za kuwekea maboya, mahali ambapo mkono hufika hata kwa aliyekaa.

Mwenye mashua alikuja jioni. Alizunguka, akagonga hapa na pale, akaridhika. Kisha akauliza kama fundi hawezi kuongeza vyuma viwili vitatu pale juu, magunia ya mahindi yasiteleze.

"Keria ni ya Probox, mkubwa," fundi akajibu, akiendelea kupaka rangi.

Baadaye niliuangalia tena ule upinde. Ulikuwa mkali kidogo kuliko mvua inavyohitaji.