Mkono wa Etel Adnan

Etel Adnan, mshairi na mchoraji, alizaliwa Beirut mwaka 1925, mama yake Mgiriki wa Smyrna, baba yake mzaliwa wa Damascus aliyekuwa ofisa katika jeshi la Waosmani. Nyumbani kulisemwa Kigiriki na Kituruki. Shuleni kwa masista kulikuwa na Kifaransa tu, na mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiarabu aliadhibiwa. Baba alijaribu kuziba pengo hilo kwa kumkalisha na kitabu cha sarufi ya Kiarabu anakili kurasa nzima. Alinakili herufi kwa herufi, maana ikimpita, na akaipenda kazi hiyo.

Uchoraji aliuanza ukubwani, akifundisha falsafa ya sanaa San Rafael, California, baada ya mwalimu mwenzake, Ann O'Hanlon, kumuuliza vipi afundishe asichokifanya. Vita vya Algeria dhidi ya Ufaransa vilikuwa vimemtia kinyongo na Kifaransa alichokiandikia mashairi. Rangi hazikumdai achague upande. Turubai alililaza mezani, akakamua rangi na kuitandaza kwa kisu bapa, mara nyingi akaimaliza picha kwa mkao mmoja. Mlima Tamalpais wa California aliuchora miaka nenda miaka rudi, hata alipokuwa Paris, mbali nao.

Kazi yake ya thamani kuliko zote, pengine, ni vitabu vya Kijapani vya kukunjua, ambavyo kurasa zake huungana kuwa utepe mrefu. Humo, tangu miaka ya 1960, alinakili mashairi ya Waarabu wa zama zake, akiwemo Badr Shakir al-Sayyab, na kuyazungushia wino na rangi za maji. Hati yenyewe si ya fundi aliyefuzu. Ni ya yule mtoto wa sarufi, na ndiyo maana inagusa.

Vita vya Lebanon vilivyozuka mwaka 1975 havikuingia kwenye picha zake. Viliingia katika utenzi wake wa Kifaransa, *L'Apocalypse arabe* wa 1980, ambamo vialama vya kuchora kwa mkono hukatiza mistari pale maneno yanapomkwama. Wanaoziita picha zake tiba husahau kwamba aliyezichora hakuacha kuandika maafa.

Ulimwengu wa sanaa ulimtambua kwa kuchelewa: maonyesho ya Documenta, Kassel, yalimpokea mwaka 2012 akiwa na miaka 87. Alifariki Paris Novemba 2021. Picha zake, nyingi ndogo, sasa hutazamwa kwenye simu, ambako mburuzo wa kisu hauonekani, na vile vitabu vilivyotengenezwa vikunjuliwe kwa mikono hulazwa ndani ya vioo, wazi mahali pamoja.