Jaribio limepita, mama wa ndizi hajaulizwa

Kama umewahi kukaa Hosteli za Mabibo, au umepita soko la Mahakama ya Ndizi alfajiri, unaijua hali ya pale. Malori yanashusha mikungu, madalali wanaita, wabebaji wanakupigia kelele upishe njia, na biashara nyingi zinamalizwa kwa mdomo. Sasa tuseme wewe na wenzako wawili mnasoma kompyuta, na mradi wenu wa mwaka wa mwisho ni programu ya simu ya kumsaidia muuzaji wa jumla kuweka kumbukumbu za wateja wanaochukua ndizi kwa mkopo. Mnaanzia wapi?

Darasani tumefundishwa kuanza na stori ya mtumiaji, sentensi moja inayosema nani anataka nini na kwa nini: "Kama muuzaji wa ndizi, nataka kuandika mauzo ya mkopo, ili nijue namdai nani, kiasi gani." Kisha stori inageuzwa kuwa jaribio la kukubalika, yaani kipimo cha kuamua kama kazi imefika au bado. Mwisho, jaribio linaandikwa kwa namna ambayo kompyuta italiendesha yenyewe kila mnapogusa programu. Likipita, unaona kijani. Likigoma, nyekundu.

Ni utaratibu mzuri, usinielewe vibaya. Ila kwa jinsi wengi wetu tunavyoutumia, naona tumebaki na ganda, ndizi tumetupa.

Turudi kidogo nyuma. Muundo wa "kama fulani, nataka, ili" ulitoka kampuni ya Connextra ya London mwaka 2001. Mwaka huohuo Ron Jeffries, mmoja wa waasisi wa mtindo wa kazi uitwao Extreme Programming, alisema stori ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi ni ile sentensi. Kazi yake ni kukukumbusha kwamba kuna mtu unatakiwa kuzungumza naye. Uthibitisho, yaani majaribio, unakuja baada ya mazungumzo hayo.

Zana zilizofuata ziliheshimu mpangilio huo. Mwaka 2002 Ward Cunningham alitoa Fit, ambapo mteja anaweka mifano yake kwenye jedwali na kompyuta inaipima. Mwaka 2006 Dan North aliandika makala kueleza mtindo wa kupanga jaribio kwa hatua tatu: hali ilivyokuwa, kilichotokea, na matokeo yanayotarajiwa. Mwaka 2008 Aslak Hellesøy akatoa Cucumber, inayosoma majaribio ya namna hiyo yakiwa yameandikwa kwa lugha ya kawaida. Maneno yake ya msingi yametafsiriwa kwa lugha nyingi, kuanzia Kiamhariki na Kiafrikana mpaka Kiklingoni cha kwenye Star Trek! Na sentensi zinazofuata maneno hayo, hakuna kinachokuzuia kuziandika kwa Kiswahili. Shabaha ya yote hayo ilikuwa moja: mtu asiyejua programu asome jaribio, kisha aseme, "Hapana, siyo hivyo."

Sisi tunafanyaje? Tunaichukua ile sentensi, tunajifungia chumbani, tunaigeuza wenyewe. Siku hizi hata hatuhangaiki, tunaipa akili mnemba na majaribio 20 yanatoka kabla chai haijapoa. Mojawapo litakuwa hivi:

Ikiwa mteja hana deni,
na muuzaji akaandika mkopo wa shilingi 50,000,
basi deni la mteja liwe shilingi 50,000.

Kijani! Lakini hapo tumepima nini hasa? Kwamba sifuri ukijumlisha 50,000 unapata 50,000. Hilo mama wa ndizi alikuwa analijua kabla hujazaliwa.

Sasa chukua daftari uvuke barabara. Usimuulize "unataka programu ifanye nini," maana atakujibu kwa adabu tu ili uondoke, ana kazi. Mwamkie, subiri lori liishe kushushwa, halafu muulize: "Mama, mara ya mwisho mtu kuchukua kwa mkopo, ilikuwaje?" Tuseme anakujibu hivi:

"Yule kijana wa Manzese alichukua mikungu 10, elfu 15 kila mmoja. Akanipa laki. Kesho yake huyo, amerudi, mama, miwili imepondeka. Nikamtolea elfu 20. Ikabaki elfu 30, nikamwambia mwanangu, Ijumaa kabla ya saa 12 niwe nimeiona."

Hesabu ni nyepesi: 150,000 toa 100,000 toa 20,000, inabaki 30,000. Lakini tazama ni mambo mangapi hayakuwemo kwenye stori yenu. Kuna malipo ya nusu. Kuna punguzo linalotolewa siku moja baada ya mauzo kufungwa. Na kuna swali ambalo ni yeye tu anaweza kulijibu: ile elfu 20 iandikwe kama deni lililolipwa, au kama hasara yake? Mkikosea hapo, mwisho wa mwezi programu itamwambia amepata faida ambayo mfukoni haipo.

Halafu kuna ile "saa 12". Mwenzenu anayeandika programu, akili yote ikiwa kwenye saa ya kompyuta, anaweka 12:00. Kwa mama ni saa 12 jioni, ambayo kompyuta inaiita 18:00. Jaribio analiandika mwenzenu huyohuyo, kwa uelewa uleule, kwa hiyo linapita vizuri kabisa. Ijumaa saa 6 na dakika 1 mchana, kijana wa Manzese anapokea ujumbe kwamba amechelewesha deni. Kijana mwenyewe yuko njiani na hela yake mkononi. Biashara ya mkopo inaendeshwa kwa heshima, na hapo programu yenu imeshaivunja kwa niaba ya mtu ambaye hakuwatuma.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Jaribio lililochotwa kwenye stori peke yake linapima kama tumefanya tulichodhani. Kama dhana ilikuwa mbovu, programu na jaribio vitakosea pamoja na kukubaliana kwa furaha. Ni mwanafunzi kusahihisha mtihani wake kwa majibu yake mwenyewe.

Na kuna kosa kubwa zaidi, ambalo hata mifano mizuri haitalikamata. Mwaka 2005 M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lengo lilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi, walieleza baadaye kwamba watu walianza kuitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe wake ukawa kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Jaribio la "mkopaji arejeshe mkopo" lingeweza kuwa kijani kila siku bila kuwaambia lolote kuhusu hilo. Waliligundua kwa kuwatazama watu wakiitumia.

Wapo wanaosema basi tuachane na majaribio haya kabisa. Mwaka 2010 James Shore, aliyekuwa amefanya kazi nyingi na Fit, aliandika kwamba hayapendekezi tena. Wateja hawayaandiki wala hawayasomi, na kuyatunza ni mzigo. Kwa wateja, nakubaliana naye. Kwa mzigo, nakubali nusu, maana mara nyingi tunajibebesha wenyewe.

Kumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Haikupita hata miezi mitatu, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyeandika majaribio yake kwa mtindo wa "bonyeza hapa, sogeza pale, skrini ya tatu ionyeshe makato haya" alikuwa na kazi ya kurekebisha kila mahali. Aliyeweka mifano kwenye jedwali moja, kiasi upande huu na tozo upande ule, alibadilisha jedwali akaenda kulala. Jedwali hilo hata wakala wa kibandani anaweza kulikagua, maana ni namba anazozijua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikaa tena kugeuza stori kuwa jaribio, jiulize huu mfano umetoka kwa nani. Kama umetoka kichwani mwako au kwa akili mnemba, uite jina lake halisi: dhana. Haina ubaya, ila bado haijakubaliwa na mtu, hata kama jina lake ni "jaribio la kukubalika". Mpelekee mwenye shughuli, umsomee kwa Kiswahili chake, na namba zake. Akinyamaza na kutikisa kichwa tu, rudi siku nyingine. Akikukatiza na kusema, "Siyo hivyo, mwanangu, sikiliza," fungua daftari, hapo ndipo kazi imeanza.