Nilichosoma Ndani ya Kishikwambi Kilichozimika

Kishikwambi changu cha kuchorea kilizimika mwezi wa bonasi, na majirani wakaniambia nina bahati. Hapa Boito, upande wa Konoin katika kaunti ya Bomet, mkulima mdogo wa chai hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha mara moja kwa mwaka hupokea bonasi, pesa ya karo, ya mabati, ya kuongeza ng'ombe. Yangu ilibidi inunue kishikwambi, na washauri hawakukosekana. Kuna aliyesema kipya, kuna aliyesema kikubwa, kuna aliyeapa kwamba msanii bila Apple si msanii. Kabla ya kuuliza bei yoyote nilikibeba kile kilichokufa hadi kwa fundi wa simu Kericho. Nilimwomba akifungue tu, tujue kimekufa kwa ugonjwa gani.

Ninashikilia kwamba anayenunua kifaa cha pili asichague kama anayenunua cha kwanza. Wa kwanza anabahatisha kwa sababu hajui mkono wake utataka nini. Mimi nilikuwa na ushahidi wa miaka, umo ndani ya chombo kile, na niliogopa kuutupa pamoja nacho.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa kutu. Fundi alipoinua kioo tulikuta sehemu ya kuchajia imeota ukungu wa kijani, na ule ukungu umetambaa hadi kwenye bodi. "Madam, hii si maji ya kumwagika," alisema. "Hii ni unyevu wa siku nyingi." Nilimwelewa mara moja. Ninachora picha za vijitabu vya kusomea vya watoto wa gredi za chini kwa Kikipsigis, na mabango ya kuwaonyesha wachumaji wapya namna ya kuvunja majani mawili na chipukizi. Majani hayo siyachori kwa kukumbuka. Mimi huingia na kishikwambi shambani asubuhi, umande ukiwa bado kiunoni, na mchana mvua hunikuta njiani. Nikifika nyumbani nachomeka chaja papo hapo, kabla stima haijapotea. Umeme ukipita penye unyevu, shaba huliwa polepole. Chai hustawi hapa kwa sababu mvua hainyimi mwezi wowote, na mvua hiyo hiyo ilikuwa inaitafuna mashine yangu.

Ushahidi wa pili ulikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na kwangu ndio ulikuwa na utajiri zaidi. Nilizifungua faili zangu kwenye kompyuta ya rafiki, moja baada ya nyingine, nikaandika ukubwa wa kila ukurasa na idadi ya matabaka. Nyingi zilikuwa za A4, na mabango yalikuwa A3. Ukurasa wa A4 wa kupelekwa kiwandani kuchapishwa, wenye nukta 300 kwa inchi, una pikseli 2480 kwa 3508, yaani takriban milioni 8.7. Kila pikseli hubeba baiti nne: nyekundu, kijani, buluu, na kiasi cha uwazi. Kwa hiyo tabaka moja lililojaa hula karibu megabaiti 35 za ramu. A3 ni mara mbili yake, karibu megabaiti 70. Bango langu zito kuliko yote lilikuwa na matabaka 22. Zidisha, unapata gigabaiti moja na nusu kwa picha pekee, kabla ya kuhesabu nafasi ambayo programu huitunza ili uweze kufuta ulichokosea, na kabla ya mfumo wenyewe wa Android kuchukua fungu lake. Kishikwambi changu kilikuwa na ramu ya 3 GB. Hapo nikaelewa kwa nini programu ilikuwa ikijifunga yenyewe kila nilipofika kwenye kutia kivuli mlima wa nyuma, ilhali siku zote nilikuwa nikiamini kosa ni langu.

Faili zilisema jambo jingine pia. Zote zilikuwa za Krita, programu ya bure ambayo hufanya kazi kwenye kompyuta na kwenye Android, lakini haina toleo la iPad. Procreate, ambayo wachoraji wengi huisifu na wana haki, iko upande wa Apple tu. Kuhamia huko kungenilazimu kubadilisha kila faili iwe PSD na kukagua tabaka kwa tabaka kama kuna kilichopotea. Kwa anayeanza leo hilo si neno. Kwangu ilikuwa miaka ya kazi.

Ushahidi wa tatu ulikuwa kalamu, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Yangu haikuwa na betri na bado ilikuwa hai. Ni ya mfumo wa Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983. Chini ya kioo kuna bamba lenye nyaya nyembamba zinazotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu mna koili inayoitikia uga huo na kurudisha ishara. Ukikandamiza ncha, ishara hubadilika, na kishikwambi hujua unene wa mstari unaoutaka. Pasipo bamba hilo au mfumo mwingine wa kupima mgandamizo, kalamu yoyote utakayouziwa ni kidole kirefu tu. Vishikwambi vya shule za msingi vilivyoanza kugawiwa mwaka 2016 havikutengenezwa kwa kazi hii. Galaxy Tab A8 nayo ni chombo kizuri cha kusomea na kutazamia filamu, lakini haina bamba. Hata kwa Apple mtego upo: Penseli yao ya USB-C iliyotoka mwaka 2023 haipimi mgandamizo, ilhali ile ya kwanza, ya zamani zaidi, inaupima. Muuzaji anayekuambia "Penseli ni Penseli" hajawahi kuchora jani.

Nilibaki na majina mawili ya Samsung, kwa kuwa yote huja na kalamu ndani ya boksi. Galaxy Tab S6 Lite ilizinduliwa mwaka 2020 Marekani kwa takriban dola 349. Ina skrini ya inchi 10.4, ramu ya 4 GB na ngazi 4096 za mgandamizo. Ilirudishwa sokoni mwaka 2022 na 2024 kwa jina hilo hilo, kwa hiyo atakayeinunua mkononi mwa mtu asisome boksi. Aingie kwenye mipangilio atazame namba ya modeli: P610 au P615 ni ya 2020, P613 au P619 ni ya 2022, P620 au P625 ni ya 2024. Ya pili ilikuwa Galaxy Tab S9 FE ya mwaka 2023, iliyoanza kwa takriban dola 449, yenye inchi 10.9, ramu ya 6 GB, na kinga ya maji ya kiwango cha IP68 kwenye kishikwambi na kalamu yake.

Kama ningesikiliza mfuko ningechukua S6 Lite, na mchoraji wa vijitabu vya A4 anayefanyia kazi mezani ningemshauri aichukue bila kusita. Lakini kutu ya kijani ilikuwa imeshasema, na yale matabaka 22 pia. Nilichelewesha mabati.

Dukani sikukubali kununua kabla ya kujaribu. Nilitoka nyumbani na rula, pamoja na kalamu yangu ya zamani. Jaribio la kwanza: weka rula mshazari, buruta kalamu polepole sana, kama unayehesabu pumzi. Kioo kibaya kitakupa mstari unaotikisika kama wimbi. La pili: acha ncha iguse kwa uzito wa kalamu yenyewe, bila kukandamiza. Zile ngazi 4096 ni nyingi kuliko mkono unavyoweza kutofautisha, kwa hiyo sizitilii maanani. Ninachotaka kujua ni mguso mdogo kabisa unaoacha alama, kwa sababu mshipa wa jani la chai huanza kwa unene kwenye kikonyo na kuishia kwa unywele. La tatu: chora hadi pembeni kabisa mwa kioo, maana mfumo huu wa sumaku mara nyingi hupoteza shabaha karibu na kingo. La nne: egemeza kiganja chote, kikiwa kimeloweshwa kidogo. Kijana wa dukani alinitazama nikikilowesha kwa maji ya chupa, kisha akaniletea kitambaa bila kuuliza.

S9 FE ilifaulu majaribio matatu vizuri. Pembeni ilikosea kwa upana wa ncha ya penseli, nami nikakubali, kwa kuwa pembeni ndipo ninapoweka vitufe vya programu. Kisha nikajaribu kalamu yangu ya zamani juu ya kioo kipya. Ikachora. Faida ya mfumo usio na betri ni hiyo: kalamu za vifaa tofauti mara nyingi huelewana. Staedtler, wale wale wa penseli za shuleni, hutengeneza moja yenye umbo la penseli inayofanya kazi kwa mfumo huu.

Kuhusu maji sijidanganyi. IP68 ya Samsung hupimwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kina cha mita moja na nusu kwa nusu saa, kifaa kikiwa kipya. Gundi huzeeka, na fundi akishakifungua, kinga ile si ya kutegemewa tena. Kwa hiyo sasa nina desturi mpya: nikitoka shambani nakipangusa, nakilaza kikiwa kimezimwa karibu na jiko lakini si juu yake, na chaja haikigusi kwa saa nzima. Stima ikipotea, nina pawabanki ya mAh 20,000. Betri ya kishikwambi ni ya mAh 8,000, na kwa kuwa nguvu nyingine hupotea njiani, pawabanki hiyo inakijaza mara moja na zaidi ya nusu.

Jioni ya kwanza nilifungua lile bango la A3. Matabaka yote 22 yalipanda, nikaongeza la 23, nikatia kivuli mlima wa nyuma hadi mwisho. Mistari naichora kwa kalamu mpya, ambayo ncha yake ni laini. Ya zamani ina ncha ngumu, nayo ndiyo ninayotilia rangi.