Sheria ya Batwa: Ahadi ni Deni

Tarehe 15 Julai 2022 Rais wa Jamhuri yetu alitia sahihi sheria namba 22/030, ya kulinda haki za wenyeji wa asili waitwao Mbilikimo, ndio ambao sisi wa huku twawaita Batwa. Humo Serikali yaahidi kuwarahisishia kupata matunzo ya afya, tena yaziheshimu dawa zao za miti. Twaisifu, kwa maana kabla ya hapo hawakuwa na sheria yao wenyewe.

Lakini sheria hupimwa mlangoni pa dispensari. Haya, tuipime. Dispensari zetu nyingi huishi kwa fedha ya wagonjwa: ndiyo inunuayo dawa, na mara nyingi ndiyo imlishayo muuguzi asiyeona mshahara. Je, Mtwa aliyelima shamba la mwingine akalipwa mihogo, atatoa nini? Ukimwambia muuguzi, "Mtibu bure," bila kusema nani atarudisha gharama, umembebesha yeye deni la Serikali. Hapa ndipo tuonapo kasoro kubwa.

Mwezi wa Septemba 2023 ulianza Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama bure. Ni jambo jema. Walakini bure haifupishi njia: mama akaaye mbali porini bado atatembea na uchungu wake.

Mtu atasema, "Sisi sote ni maskini, kwa nini Batwa peke yao?" Kweli, umaskini ni wetu sote, lakini Mtwa huongezewa dharau. Tena kwa jirani zetu wa Tanganyika, huko Nyunzu, Manono na Kabalo, Batwa na Baluba waliuana na vijiji vikachomwa, hasa miaka ya 2016 na 2017. Nani ataingia bila hofu katika dispensari iliyo kijijini mwa adui wa jana? Hofu hiyo haiponi kwa tangazo la Kinshasa.

Basi twaomba mambo matatu. Fedha ya kuwatibu iandikwe katika bajeti, na ifike. Vijana wa Kitwa wafundishwe uuguzi. Sheria isomwe vijijini kwa lugha za watu. La nne ni letu sisi: Mtwa aliyetutangulia kwenye benchi la dispensari, tusimruke. Ahadi ni deni, na deni hili si la Serikali peke yake.