Adili na Nduguze: Mjeledi na Machozi



Huku Mkwajuni, mkoani Songwe, ambako mashamba yapakana na pori, nyani hufukuzwa kwa mawe wala hapana amwoneaye huruma. Ndiyo maana wanafunzi wangu hucheka niwasomeapo kitabu cha marehemu Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952, tufikapo pale Adili anapowafungia nyani wawili nyumbani mwake. Kila usiku huwapiga mjeledi, kisha huwalisha chakula kizuri huku akilia. Kicheko hukoma wajuapo kwamba nyani wale ni nduguze wa damu, Hasidi na Mwivu.

Mambo yake ni kama ya ndotoni: majini, mji uliogeuka mawe, na wanadamu waliovikwa ngozi ya mnyama. Lakini ndani yake zimo nyumba zetu hasa. Adili aliwasaidia nduguze walipokuwa hawana kitu, nao wakamlipa kwa kumtosa baharini. Jini Huria, aliyepata kuokolewa na Adili, ndiye aliyewageuza nyani na kuamrisha wapigwe.

Wazijuao hadithi za Alfu Lela Ulela watakumbuka kisa cha Abdallah bin Fadhil wa Basra, ambamo ndugu wamegeuzwa mbwa. Wale, waliporudishiwa utu, walirudia uovu na mwisho wao ukawa kuuawa. Shaaban Robert ameuacha mwisho huo. Kwake, Mfalme Rai anawaombea ndugu wale, nao wanatubu. Hapa naona ameishika njia ya Nabii Yusuf (a.s.), aliyetiwa kisimani na nduguze, na alipopata uwezo juu yao akawasamehe.

Kasoro moja ninayo juu ya kitabu hiki. Mtu akiisha kuitwa Hasidi, msomaji humhukumu kabla hajatenda. Nasi majumbani twafanya hivyo hivyo: humwita mtu mwivu au mchawi mpaka watoto wakasahau kuwa ni ami yao. Hata hivyo, toba ya Hasidi yenyewe yatufunza kwamba jina si hukumu.

Basi wewe usiyesemezana na nduguyo kwa ajili ya minazi ya mirathi, huenda kweli alikudhulumu. Mjeledi unao, machozi ya Adili unayo? Na sisi jamaa tunaotazama, nani kati yetu amekuwa Rai akawaombea?

Mwenyezi Mungu atupatanishe. Amin.