Masharti ya Mganga: Namna ya Kupima Uchawi wa Runinga Uliohamishiwa Mezani

Mchezo wa kuigiza mezani hauhitaji skrini. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, mmoja anasimulia ulimwengu, kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika wake, na pale jambo linapokuwa na shaka wanarusha dadu. Katika kutunga kanuni za michezo hii hakuna sehemu ngumu kama uchawi. Uchawi uliotoka kwenye runinga ni mgumu zaidi, kwa kuwa kila aliyekaa mezani ameshauona kwa macho yake na anajua unavyotakiwa kuwa.

Mnunuzi mgeni akishika kitabu cha namna hii hukimbilia orodha ya nguvu. Anahesabu: moto upo, radi ipo, kuruka kupo, basi kitabu kimekamilika. Mimi naomba tupime kwa kipimo tunachokijua tangu utotoni, kwamba mganga hatoi dawa bila masharti. Usile pweza, usigeuke nyuma, usivuke maji kabla ya jua kuzama. Utamu wote wa hadithi umo kwenye masharti hayo, maana ndiyo yatakayovunjwa. Kwa hiyo nikifungua kitabu cha kanuni nauliza nguvu inatoka wapi, inakatika lini, na anayeitumia analipa nini. Orodha naisoma mwisho.

Chukua Avatar: The Last Airbender, katuni iliyoonyeshwa na Nickelodeon kuanzia 2005 hadi 2008. Watu wake wanaamuru maji, ardhi, moto au hewa, na masharti yamefumwa ndani ya kila msimu. Mwishoni mwa msimu wa kwanza roho ya mwezi inauawa, na palepale waamuru maji wote wanabaki mikono mitupu. Katika msimu wa tatu jua linapatwa, na kwa dakika 8 taifa zima la moto halina moto. Hata miili ina sheria yake: watungaji walimtumia mwalimu wa sanaa za mapigano, maji yakapewa mienendo ya Tai Chi, ardhi ikapewa Hung Gar. Mwamuru ardhi anayesimama kwa miguu legelege hana nguvu. Kanuni zisizojua mwezi, jua na miguu zimechukua rangi ya katuni na kuiacha roho yake.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuazima kila kitu kutoka Dungeons & Dragons. Mchezo huo wa 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichota uchawi wake katika hadithi za Jack Vance: mchawi anahifadhi maneno kichwani asubuhi, akiyatamka yanamtoka, na lazima ayasome upya. Kwa ulimwengu wa Vance hilo ni sharti zuri sana. Lakini ukimvisha Katara, mwamuru maji wa Avatar, kanuni hiyo, itafika saa sita mchana aambiwe maji yamekwisha, naye amesimama katikati ya bahari! Hakuna mtazamaji atakayekubali. Ukiona tamthilia yoyote imehamishwa kwa mtindo huo bila sababu iliyotoka ndani ya tamthilia yenyewe, rudisha kitabu kwenye rafu.

Avatar Legends ya kampuni ya Magpie Games ilikwenda njia nyingine. Kampeni yake ya kuchangisha fedha mwaka 2021 ilivuna zaidi ya dola milioni 9.5, ila si fedha zinazonifanya niisifu. Kuamuru maji hakukuwekewa bei wala idadi. Kama mhusika wako amefunzwa maji, basi anaweza, kwa kadiri hadithi inavyoruhusu. Dadu mbili zinarushwa pale tu penye hatari: 10 au zaidi umefaulu vizuri, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kushuka chini mambo yameharibika. Anacholipa mchezaji ni uchovu, na zaidi ya uchovu ni mizani ya moyo. Kila mhusika ana misimamo miwili inayomvuta huku na huku, na akivutwa kupita kiasi anapoteza utulivu. Hapo ndipo katuni ile ilipokuwa inaishi muda wote.

Ubora wa kanuni unasikika katika maswali ya wachezaji kabla dadu hazijaguswa. Hapa Riverside, kaskazini-magharibi mwa Buffalo, ambako ukisimama kando ya mto Niagara unaiona Kanada ng'ambo, nimecheza na vijana wa familia zilizotoka Kongo, na mezani Kiswahili cha Uvira na cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kinachanganyika na Kiingereza cha shule. Mmoja wao, mhusika wake akiwa amezingirwa na askari, alikaa kimya kidogo, kisha akamuuliza msimulizi: "Leo mwezi ukoje?" Hakuuliza ana pointi ngapi. Swali lile lilinitosha kujua kwamba kanuni zimefanya kazi yake. Kwenye meza yenye kanuni mbovu ungesikia hesabu tu.

Buffy the Vampire Slayer, tamthilia iliyoanza 1997, inadai kitu kingine. Uchawi wa Willow, rafiki wa Buffy, unaanza kama msaada kwa rafiki na unaishia kumla mwenyewe. Mchezo wa Eden Studios wa 2002 ulilielewa hilo: dadu zisipofikia nguvu ya dawa, dawa inaweza kupotoka ikaleta jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Pia ulitatua tatizo ambalo wengi hawalioni, la shujaa mwenye nguvu kuketi meza moja na marafiki wasio na nguvu. Shujaa anaanza na pointi 10 za kugeuza mkondo wa hadithi, rafiki wa kawaida anaanza na 20. Ninachokilalamikia ni kwamba dawa iliyopotoka inaumiza siku hiyo, ilhali Willow aliumia polepole, miezi na miezi, na ulevi ule wa nguvu msimulizi analazimika kuubeba karibu peke yake.

Kama tamthilia yako ina wachawi wanaobuni papo hapo, tazama pia Ars Magica ya 1987. Ina vitenzi 5 na majina 10, ukiviunganisha unapata uchawi wa aina yoyote. Mtunzi wa kanuni asiyeisoma anajinyima.

Kipimo changu cha mwisho kinachukua jioni moja. Chagua kipindi kimoja chenye jeraha, ukicheze upya. Mimi hutumia kile cha Hama, kipindi cha 8 cha msimu wa tatu wa Avatar. Bibi huyo alijifunza gerezani kuiamuru damu ndani ya mwili usiku wa mwezi mpevu, na Katara analazimika kuutumia ujuzi uleule dhidi yake ili kuwaokoa wenzake. Anashinda, kisha analia. Kanuni zikimpa mchezaji ushindi mtupu, zimeanguka. Zikimfanya asite, na akishatumia nguvu ile abaki nayo moyoni katika vipindi vinavyofuata, zimefaulu.

Usinunue kabla ya kucheza. Maonyesho ya Origins, yaliyoanza Baltimore mwaka 1975, siku hizi hufanyika Columbus, Ohio, mwezi wa Juni, na meza za kujaribia michezo ni nyingi. Kaa, cheza saa mbili, sikiliza watu wanauliza nini. Na kama mfuko wako unaruhusu kitabu kimoja tu, chukua Avatar Legends. Buffy itafute kwa wauza vitabu vilivyotumika.